Kabla Hujaikabidhi Sura Yako kwa Kompyuta

Mwigizaji Mwingereza Peter Cushing alifariki mwaka 1994. Mwaka 2016 watu wakamwona tena sinemani, anatoa amri kama zamani, katika Rogue One, filamu ya Star Wars. Aliyesimama seti siku hizo alikuwa mwigizaji mwingine, Guy Henry, amejazwa madoadoa usoni, kamera ndogo imening'inia mbele ya pua yake. Akikunja ndita, madoadoa yanasogea, na kompyuta inauhamishia msogeo huo uso wa marehemu.

Wasanii wanaotuletea mikataba tuwasomee huuliza: hivi hawa wa kompyuta watatumaliza? Wa aina ya Cushing, hapana. Nyuma ya sura ile kulikuwa na mtu kazini. Hofu yangu iko kwenye akili mnemba, ambayo haina haja na Guy Henry. Inalishwa picha na sauti za watu kwa wingi, kisha inatunga sura isiyo ya yeyote. Septemba 2025 dunia ilitambulishwa kwa Tilly Norwood, "mwigizaji" wa akili mnemba, binti ambaye hakuzaliwa. Haumwi, hachelewi seti, hadai nauli. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kilisema huyo si mwigizaji, nami naungana nacho.

Chama hicho kiligoma siku 118 mwaka 2023. Kati ya yaliyokikera ni habari ya waigizaji wa nyuma, wale wanaopita tu sokoni mhusika mkuu akizungumza. Kilidai studio zinataka kuwapiga picha pande zote, ziwalipe ujira wa siku moja, halafu zibaki na sura zao daima. Studio zilikanusha. Hata hivyo, makubaliano ya Novemba yaliweka sharti la ridhaa na malipo kwa nakala za kidijitali, yaani sura au sauti ya mwigizaji iliyoundwa kwa kompyuta. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria: kifungu kinachoruhusu nakala yako ifanye kazi ambayo ungeifanya mwenyewe, bila kueleza itatumikaje, hakina nguvu ikiwa ulisaini bila wakili wala chama.

Wewe wa Dar es Salaam au Nairobi, sheria ya California haitakufikia. Kitakachokulinda kwanza ni karatasi iliyo mbele yako. Ukikuta maneno "kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa, popote, milele", weka kalamu chini. Omba iandikwe ni filamu gani, miaka mingapi, malipo kiasi gani kila nakala inapotumika, na nani ataombwa ruhusa ukishafariki. Kwa Cushing, waliombwa wasimamizi wa mirathi yake.