Je, wajua bakteria hutungaje dawa ya kuwaua bakteria wenzao?

Alasiri ikishapoa, bibi yangu pale Lamu alikuwa akitandika mkeka na kuweka sinia la asumini, rihani na kilua. Wajukuu tunakaa safu. Wa kwanza anatunga asumini kwenye uzi, anampa wa pili. Wa pili anaongeza jani la rihani, anampa wa tatu. Hakukuwa na karatasi ya maelekezo. Kikuba kilifuata tulivyokaa, basi, na mmoja akiondoka kwenda kunywa maji, kazi yote inasimama.

Nimekumbuka mkeka ule juzi, mpwa wangu alipoanguka kwenye punda akachubuka goti, tukampaka marhamu ya basitrasini.

Dawa hiyo hutengenezwa na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus licheniformis. Iligunduliwa Marekani mwaka 1943, kutoka kwenye jeraha la msichana aliyevunjika mguu: kati ya vijidudu vilivyooteshwa kutoka jerahani, kimoja kilikuwa kikiwazuia wenzake kukua. Jina la dawa ni nusu Bacillus, nusu Tracy, jina la ukoo la msichana huyo.

Basitrasini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Hapa ziko 12. Kwa kawaida seli hutunga minyororo ya namna hii ndani ya ribosomu, ambayo husoma nakala ya jeni neno kwa neno na kuunganisha asidi amino za aina 20 zinazojulikana. Lakini basitrasini ina onithini, ambayo haimo katika hizo 20. Tena asidi amino zake nne zimegeuzwa umbo, kama ndara ya kushoto mahali pa ndara ya kulia. Ribosomu haina njia ya kutunga kitu kama hicho.

Hapo ndipo mkeka wa bibi unapoingia. Bakteria huyu ana vimeng'enya vitatu vikubwa mno, vyenye vituo 12 kwa jumla. Kila kituo kinaijua asidi amino yake tu: kinaikamata, kinaiunga kwenye mnyororo uliotoka kituo cha nyuma, kisha kinausogeza mbele. Vingine vina kazi ya ziada ya kuigeuza. Mwisho mnyororo unajifunga: asidi amino saba zinafanya duara, tano zinabaki mkia. Vimeng'enya vyenyewe ni protini na hutungwa na ribosomu, lakini vikishakuwapo havimhitaji tena fundi huyo. Watafiti waliligundua hili kwa gramisidini S, antibiotiki nyingine ya jamii hii: walipoizima ribosomu, utungaji wa protini ulisimama, wa antibiotiki ukaendelea. (Kwangu mimi, hilo ndilo jaribio tamu kuliko yote katika habari hii.)

Kuna peptidi za kuua bakteria zinazopitia ribosomu vilevile. Nisini, ambayo hutolewa na baadhi ya bakteria wanaogandisha maziwa, hutungwa huko kwanza, kisha hukatwa na kukunjwa.

Na basitrasini inauaje? Lamu mawe ya kujengea hubebwa na punda. Bakteria naye, akijenga ukuta wake, matofali yanavushwa na mbebaji aliyeumbwa kwa mafuta, aliye kwenye utando wa seli. Mbebaji akishateremsha mzigo, hurudi kuchukua mwingine. Basitrasini humshika hapo hapo aliposhushia. Matofali yapo, mafundi wapo, punda amefungwa. Ukuta haukui, na bakteria anapasuka.

Sasa, mbona mtungaji mwenyewe hafi kwa sumu yake? Jirani na jeni za vile vimeng'enya kuna jeni za pampu inayokaa kwenye utando. Kazi yake ni kuitoa basitrasini nje, mchana na usiku, kama baharia anayefua maji kwenye ngama ya jahazi linalovuja.