Ugeni wa Shule Hauleti Homa: Majibu kwa Wazazi Waliohamisha Watoto

Mtoto huchukua muda gani kuzoea shule mpya?
Wengi wiki 2 hadi 4. Kulia asubuhi, kula kidogo na kumng'ang'ania mama ni kawaida siku hizo. Mwezi ukiisha bila nafuu, kaa na mwalimu wa darasa.

Kila asubuhi tumbo linamuuma, Jumamosi ni mzima. Anasingizia?
Hasingizii. Hofu hukaza tumbo na maumivu huwa ya kweli, kwa hiyo fimbo haitibu kitu. Mwulize kuhusu choo. Watoto wengi wageni hubana haja tangu asubuhi hadi warudi nyumbani, kwa sababu choo kinatisha, hakina mlango au hawajui kilipo. Matokeo yake ni choo kigumu na maambukizi ya mkojo. Nenda naye siku moja, muoneshe choo na bomba. Tumbo likimwamsha usiku, au akitapika, mpeleke hospitali.

Tumetoka Makete, sasa tuko Kyela. Wiki ya pili shuleni ana homa na bibi yake anasema ni ugeni tu.
Shikamoo kwa bibi, lakini hapana. Ugeni hauleti homa. Mtoto aliyekulia kwenye baridi ya Makete hajakutana na malaria vya kutosha mwili ukajenga kinga, na Kyela ni bondeni, kuna joto na mbu. Vimelea vya malaria huchukua siku 7 hadi 14 hivi tangu mbu aume hadi homa ianze. Hesabu mwenyewe: homa inatokea wiki ileile ambayo watu wanategemea mtoto awe mnyonge kwa kukumbuka kwao. Hapo ndipo wazazi wanapochelewa.

Kwapani akifika nyuzi 37.5, au mwili tu umechemka, apimwe damu siku hiyohiyo. Zahanati ina kipimo cha haraka, majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi.

Nimempa panadol, homa imeshuka. Nisubiri kesho?
Usisubiri. Panadol hushusha joto, haiui vimelea. Saa 24 zisipite bila kipimo, maana malaria kali inaweza kumwangusha mtoto ndani ya muda huo. Wala usimpe vidonge alivyobakiza kaka yake. Akikutwa na malaria, dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3, pamoja na chakula, na anamaliza zote hata akianza kucheza kesho yake.

Na akipata degedege?
Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kimbia hospitali. Hospitali, si kwa mganga kwanza. Vivyo hivyo akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akilegea kama mwenye usingizi mzito.

Basi ni ugeni kidogo na malaria kidogo?
Tafadhali, ugeni hauleti homa. Chandarua kifungwe usiku wa kwanza kabisa, kabla hata mabegi hayajafunguliwa.

Ameanza kukojoa kitandani.
Hutokea sana mtoto akihama. Usimchape, usianike godoro mbele ya wenzake. Akiwa pia anakunywa maji mengi na kukonda, apimwe sukari siku hiyo.

Likizo anarudi Makete kwa babu.
Homa ikimpata huko, mwambieni mhudumu mapema: "Mtoto huyu ametoka Kyela." Bila hilo anaweza kutibiwa mafua.