Kuchochea ubongo kwa sumaku si kupigwa shoti

Ukitaja umeme na ubongo kwa pamoja hapa Kisumu, wengi huwaza tiba iliyoanza Roma mwaka 1938, ambapo umeme hupitishwa kichwani ili mgonjwa apate degedege. Siku hizi hulazwa usingizi kwanza, na sonona kali, yaani huzuni nzito isiyoisha, bado hutibiwa hivyo. Tiba ya sumaku, nayo pia ya sonona, ni nyingine kabisa: mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, amevaa vizibo vya masikio kwa sababu mashine hugonga kwa kelele. Degedege ikitokea hapa, ni ajali.

Koili, yaani waya uliozungushwa, yenye umbo la nambari nane hugusishwa kichwani. Umeme hupita ndani yake kwa mpigo mfupi mno, na sumaku inayozaliwa hupenya fuvu na kuamsha neva zilizo sentimita 2 au 3 ndani. Anthony Barker na wenzake walilionyesha hilo Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya kutibu sonona mwaka 2008.

Kipimo huanzia kwenye kidole gumba. Koili husogezwa upande wa kushoto wa kichwa mpaka gumba la kulia liruke, kisha nguvu hupunguzwa hadi liruke mara 5 kati ya 10. Hicho ndicho kizingiti cha mgonjwa huyo. Tiba hutolewa kwa asilimia 120 ya kizingiti, sentimita 5 hivi mbele ya hapo: mapigo 10 kila sekunde kwa sekunde 4, pumziko la sekunde 26, mpaka yatimie 3,000. Ni dakika 37 hivi.

Misuko minene huinua koili, na sumaku hufifia haraka kwa umbali. Aliyepimwa akiwa amenyoa, akarudi na rasta, anapata dozi pungufu, na hakuna taa itakayowaka kumwambia. Apimwe upya.

Kifafa, pombe iliyoachwa ghafla na kukesha kwenye basi la usiku huongeza hatari ya degedege. Aliyewekewa chuma kichwani baada ya ajali ya bodaboda aseme mapema.

Ratiba ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. Wa Siaya au Busia apige hesabu ya nauli na malazi kabla ya ada yenyewe, na aulize kama mashine ina mtindo wa dakika 3 wenye mapigo 600; utafiti wa Kanada wa 2018 uliona hauzidiwi na ule mrefu.