Wanyama wanajuaje wengi na wachache?

Swali tunaloulizwa sana sisi tunaofanya kazi ya tabia za wanyama ni hili, hivi wanyama wanajua kuhesabu kweli? Na mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake mfukoni, ana mbwa ambaye eti ukimwambia mbili jumlisha tatu anabweka mara tano, au ni yule anayeamini mnyama hana akili hata ya kutofautisha moja na mbili. Wote wawili wamekosea, kila mmoja na upande wake. Wanyama wengi sana, kuanzia samaki mpaka sokwe, wanaijua idadi, ila hawaijui kwa kutaja moja, mbili, tatu kama sisi. Wao wanapima, wanalinganisha kundi hili na lile, na kipimo chao kina tabia yake ambayo ukishaielewa ndo unaona kwa nini mnyama huyo huyo anapatia hapa halafu pale anaboronga.

Tuanze na simba maana hapo ndo utamu ulipo. Mwaka 1994 Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walichapisha utafiti uliofanyika Serengeti, na mimi binafsi sijaona mwingine wa kuushinda kwa urahisi wake. Walichukua sauti za simba jike zilizorekodiwa, wakaenda na spika porini jirani na kundi la simba jike wenye eneo lao, halafu wanacheza ile sauti, safari hii anasikika mgeni mmoja ananguruma, safari nyingine wanasikika watatu wananguruma kwa pamoja. Wakisikia mmoja, wenyeji walikuwa wepesi zaidi kuinuka kwenda kumfuata huyo mvamizi. Wakisikia watatu wanasitasita, wanasogea pole pole, na kama wao wenyewe wako wachache wanaweza wasiende kabisa, ila wakiwa na wenzao walio mbali utawasikia wananguruma kuwaita. Sasa angalia vizuri hapo, simba huyu hajamuona mgeni hata mmoja, anachokipata ni sauti tu, kisha anailinganisha na wenzake waliolala pembeni yake. Idadi ya waliosikika dhidi ya idadi ya tuliopo. Hiyo siyo akili ndogo jamani, na wala siyo anasa, maana simba wakikutana wa eneo hili na wa eneo lile watu wanaumia mpaka kufa (nimesema watu, simba ni watu kwangu).

Majaribio ya aina hiyo yalirudiwa kwa wanyama wengine wanaoishi kwa makundi na kugombania maeneo. Kule msitu wa Kibale, Uganda, sokwe walichezewa sauti ya dume mgeni mmoja, na matokeo yaliyochapishwa 2001 yakaonyesha kwamba madume wakiwa watatu au zaidi wanajibu kwa makelele na kumwendea, wakiwa pungufu ya hapo wanakaa kimya zaidi na hawana haraka ya kusogea. Fisi wa Maasai Mara nao wanabadilika kulingana na wamesikia wageni wangapi.

Haya, hicho kipimo chenyewe kikoje? Jibu fupi ni uwiano. Mnyama haangalii sana tofauti ni ngapi, anaangalia hii ni kubwa mara ngapi kuliko ile. Kati ya 1 na 2 tofauti ni moja, kati ya 8 na 9 tofauti ni hiyo hiyo moja, lakini la kwanza wanyama wengi wanalipatia bila shida na la pili linawashinda, halafu ukiwapa 8 na 16 wanapatia tena vizuri tu. Mjerumani Ernst Weber aliliona hili karne ya 19 akiwa anapima watu wanavyohisi uzito mkononi, kwa hiyo siyo jambo la idadi peke yake. Na wewe unayesoma una kipimo hicho hicho kichwani. Ukionyeshwa nukta nyingi kwenye skrini kwa nusu sekunde, huna muda wa kuhesabu, utakisia, na makosa yako yatafuata uwiano kama ya nyani. Zikiwa chache, mpaka kama nne hivi, utazijua palepale bila kuhesabu, zikizidi hapo unaingia kwenye makadirio. Wamunduruku wa Brazil, ambao lugha yao haina majina ya namba kubwa, walipimwa na watafiti kutoka Ufaransa, matokeo yakatoka 2004, na kwenye kulinganisha mafungu makubwa ya nukta walifanya vizuri kama Wafaransa wenyewe. Walichoshindwa ni hesabu kamili inayotaka jibu lisilo na zaidi wala pungufu. Maana yake kukadiria tumezaliwa nako pamoja na wanyama, kuhesabu kwa kutaja ni kitu tumejifunza.

Sasa tatizo, na hapa naomba mtulie kidogo maana ndo sehemu ambayo video nyingi zinazozunguka mtandaoni zinaanguka. Utajuaje kwamba mnyama ametumia idadi na siyo kitu kingine? Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na farasi Berlin, Hans, mmiliki wake Wilhelm von Osten alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Unamuuliza Hans hesabu, anagonga kwato chini mpaka afike kwenye jibu, anaacha. Mwaka 1904 ikaundwa kamati nzima ya kumchunguza, wakakuta hakuna utapeli wowote, mzee wa watu alikuwa anaamini kwa moyo wote. Ila mwanasaikolojia Oskar Pfungst hakuishia hapo, akafanya kitu rahisi tu, akaweka muulizaji asiyejua jibu. Hans akaanza kuharibu. Akamzuia farasi asimuone muulizaji, akaharibu tena. Kumbe muulizaji anayejua jibu anainama kidogo sana wakati farasi anagonga, na jibu likifika kichwa kinanyanyuka kidogo bila mwenyewe kujua, farasi anaacha. Cha kuchekesha ni kwamba Pfungst mwenyewe, tayari anaijua siri, alishindwa kujizuia asitoe ile ishara. Kwa hiyo yule mbwa wa nyumbani anayebweka mara tano, mpe swali mtu ambaye hajui jibu lake, au simama nyuma ya mlango, halafu tuongee.

Na hata ukimuondoa binadamu bado kuna mtego. Samaki wanne wanajaza nafasi zaidi ya samaki watatu, wanatikisika zaidi, kwa hiyo samaki anayekimbilia kundi kubwa (wadogo wengi wanafanya hivyo, kwenye kundi kubwa ni vigumu zaidi kuliwa wewe) huenda anafuata ukubwa wa picha tu. Watafiti wa Italia wakajenga tangi lenye vizuizi ili samaki aone mwenzake mmoja tu kwa wakati mmoja, hawezi kuona kundi zima hata akitaka, na bado akachagua upande wenye wengi. Vifaranga nao walikuzwa na vitu vidogo vya plastiki mpaka wakavizoea kama ndugu, vikafichwa kimoja kimoja, vitatu nyuma ya pazia hili na viwili nyuma ya lile, na kifaranga wa siku chache akaenda kwenye vitatu. Baadaye baadhi vikahamishwa mbele ya macho yake kutoka pazia moja kwenda jingine, na kifaranga akafuata upande uliobaki na vingi, yaani alijumlisha na kutoa bila kuviona vyote kwa pamoja. Utafiti huo ulitoka 2009.

Kuna ambavyo vinafanana na kuhesabu lakini mimi ningekuwa mwangalifu kuviita hivyo. Mchwa hapana, nasemea sisimizi wa jangwa la Sahara, wanarudi kwenye shimo lao kwa kukusanya hatua walizotembea. Mwaka 2006 watafiti waliwagundishia vijiti miguuni wakiwa wamefika kwenye chakula, hatua zikawa ndefu, wakarudi wakapitiliza nyumbani, na waliokatwa miguu ikawa mifupi wakasimama kabla ya kufika. Inaonekana mwilini mwao kuna kitu kinachojumlisha hatua, ila hakuna dalili kwamba wanajua idadi yoyote.

Kwenye ubongo ndo mambo yanakaa sawa zaidi. Mtafiti wa ubongo kutoka Ujerumani, Andreas Nieder, na wenzake walikuta kwenye ubongo wa nyani seli za neva ambazo kila moja ina idadi inayoipenda. Inayopenda tatu inawaka sana vikionekana vitu vitatu, inawaka kiasi kwa viwili au vinne, na kadri idadi inavyokuwa kubwa ndivyo seli inavyozidi kuchanganya na majirani. Hapo ndo unaona uwiano unatoka wapi. Mwaka 2015 wakaonyesha seli za namna hiyo kwa kunguru, ambaye ubongo wake umejengwa tofauti kabisa na wetu.

Na mwaka 2024 kundi hilo hilo la Ujerumani likatoa jingine, kunguru watatu walifundishwa kuona alama au kusikia mlio fulani kisha walie mara 1, 2, 3 au 4, wakimaliza wanadonoa skrini kusema basi. Wakitakiwa kulia mara nyingi wanachelewa zaidi kuanza, na watafiti wakisikiliza ule mlio wa kwanza tu walikuwa wanaweza kukisia itafuata milio mingapi, yaani kunguru kabla hajafungua mdomo alishapanga.