Tumbo likijaa wiki ya tatu, usiseme ni gesi tena

Mama mmoja anayeuza samaki Feri aliingia kliniki kafunga khanga kiunoni kwa sababu zipu ya sketi haipandi tena, afu mikono imekonda mpaka bangili zinacheza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akafungua pochi akanimwagia mezani dawa za miezi mitano: za vidonda vya tumbo, za minyoo, za UTI mara mbili, na chupa ya dawa ya chango. Ugali anakula matonge matatu kashiba. Altrasaundi ikaonyesha maji yamejaa tumboni na uvimbe kwenye ovari, yaani vile vifuko vya mayai ya mwanamke.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kina mama na hii saratani ya ovari inaniuma sana, kwa sababu dalili zake ni zilezile tulizozoea wote hapa Dar: tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu chini ya kitovu, haja ndogo kila saa. Nani hajawahi kujaa gesi? Sasa tofauti iko kwenye kujirudia. Kama dalili ni mpya, haijafikisha mwaka, na inakupata zaidi ya siku 12 kwa mwezi, hiyo inabidi ichunguzwe, hasa ukiwa umeshavuka miaka 50. Chukua ile kalenda ya ukutani, kila siku tumbo likijaa weka alama, uje nayo. Kalenda hiyo inanisaidia kuliko "dokta tumbo linanisumbua sumbua".

Na ndugu zangu wa maduka ya dawa, mama akirudi mara ya pili kuulizia dawa ya gesi, tafadhali mwambieni akapige altrasaundi kwanza.

Kitu kingine, wengi wananiambia nilipima mwaka jana nikaambiwa niko safi. Ukiuliza ni kile kipimo cha siki. Kile kinaangalia mlango wa kizazi tu, ni kipimo kizuri na endeleeni kupima, ila ovari ziko ndani kabisa hazionekani pale.

Kuna wanaotaka kipimo cha damu cha CA-125, protini inayoweza kupanda kwenye damu mtu akiwa na saratani ya ovari, wakati hawana dalili yoyote. Mimi simtumi mtu hivihivi. Kinapanda hata kwa fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), kwa ujauzito, kwa TB ya tumbo ambayo huku kwetu ipo. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, majibu yakatoka 2021, kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo. Lakini ukiwa na dalili, kikienda pamoja na altrasaundi kinatusaidia kweli, na ugonjwa ukikutwa bado uko kwenye ovari tu, wengi sana wanapona.

Yule mama alifanyiwa operesheni, sasa hivi anaenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa dripu za dawa, binti yake ndo anamsindikiza. Juzi binti akaniuliza, dokta na mimi je? Nikamuuliza kuhusu bibi mzaa mama, akasema alifariki zamani, tumbo lilivimba likajaa maji, kijijini wakasema karogwa. Nikamuuliza na mashangazi wa upande wa baba, maana hatari ya saratani hii inaweza kurithiwa hata kwa baba, na saratani ya titi nayo inahesabika. Akasema ngoja nimpigie baba, akatoka nje na simu, mi nikafungua faili jipya kwa jina lake.