Shifta si kabila

Juzi nimemsikia mtangazaji redioni akisema "mashifta wa Kisomali" wamevamia lori. Hazikupita dakika mbili akaongeza kwamba polisi bado hawajui wavamizi ni kina nani. Sasa huo Usomali wao ulijulikanaje?

Shifta ni mnyang'anyi mwenye silaha anayezurura nyikani, mara nyingi na wenzake, akivizia wasafiri na mifugo. Basi. Haramia anakaribiana naye, ila siku hizi tumemhamishia baharini, na jangili ana tembo wake wa kuwinda.

Neno limetoka Ethiopia, kwenye Kiamhari, na kitenzi chake huko maana yake ni kuasi. Mtu aliyedhulumiwa shamba, aliyenyimwa cheo, au aliyeua akakimbia kisasi, aliingia porini akakusanya vijana na kuishi kwa kupora. Alikuwa mhalifu na muasi kwa pamoja, na wenyeji hawakuona ajabu. Kassa Hailu alikuwa shifta katika nyanda za Qwara. Mwaka 1855 akatawazwa, akawa Mfalme Tewodros II. Shifta akaketi kwenye kiti cha enzi!

Kenya tulilipokea neno, tukaliacha uasi wake mpakani. Wasomali wengi wa kaskazini, eneo lililoitwa NFD (Northern Frontier District, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini), walitaka kujiunga na Somalia, na tume ya Waingereza iliyowasikiliza mwaka 1962 ilijua hivyo. Uhuru ukaja Desemba 1963, NFD ikiwa bado ndani ya Kenya, na mwezi huohuo serikali ikatangaza hali ya hatari huko. Wapiganaji wakaitwa mashifta, kwa maana ya wezi tu, watu wasio na dai lolote la kujibiwa. Ukishamwita mtu mwizi, huna haja ya kumuuliza anataka nini.

Vita vilikoma mwaka 1967 kwa mapatano ya Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Jina halikukoma. Lilimtoka aliyebeba bunduki likamwangukia mfugaji aliyeswagwa na wanawe kwenye vijiji vya lazima, kisha likarithiwa na mjukuu wake anayeuza nguo Eastleigh, Nairobi, ambaye hajawahi kushika hata manati. Ndiyo maana ukilitamka Garissa au Wajir mzee hasikii "jambazi". Anasikia kwamba unamtilia shaka uraia wake.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, lori likiporwa na watu wasiojulikana, "majambazi" linatosha kabisa. Wakiondoka na ng'ombe, sema wezi wa mifugo. Na kama ni lazima useme shifta, maana neno lenyewe ni tamu kulitamka, sikukatazi. Ila liache lisimame peke yake, bila hilo "wa Kisomali" nyuma yake.