Mchanga wa rangi ya chungwa kwenye nepi

Swali: Dokta, shikamoo. Niko Uyole. Mwanangu wa kiume ana miezi minane, shingo haijakaza, na kwenye nepi naona kama mchanga wa rangi ya chungwa. Ni mkojo mchafu?

Jibu: Marahaba, mama. Kichanga wa siku mbili tatu ambaye maziwa hayajamtosha huweza kuacha doa kama hilo, likaisha lenyewe. Kwa miezi minane, tena shingo ikiwa bado legevu, mpeleke hospitali wiki hii. Huenda ni chembe za asidi ya yuriki. Nepi hiyo usiifue, nenda nayo.

Swali: Asidi hiyo inatoka wapi?

Jibu: Kwenye purini, mali ghafi ya vinasaba. Mafundi wetu wa Mbeya wakibomoa nyumba, tofali zima hawalitupi, wanalijengea tena. Mwilini kazi hiyo ya kuokota hufanywa na kimeng'enya kiitwacho HGPRT. Kikikosekana, purini huishia kuwa asidi ya yuriki, na mwili, ukidhani umepungukiwa, unafyatua nyingine kupita kiasi. Ndipo mtoto anapata mawe ya figo, hata jongo, lile tunalowatania nalo wazee wa ulanzi.

Swali: Kuna mtoto mtaani anajing'ata midomo na vidole. Watu wanasema karogwa.

Jibu: Sijamwona, lakini kujing'ata hivyo ni dalili inayojulikana ya upungufu mkubwa wa HGPRT. Unaitwa ugonjwa wa Lesch-Nyhan, kwa majina ya Michael Lesch na William Nyhan walioueleza mwaka 1964. Kimeng'enya chenyewe kilibainika 1967. Mtoto huyo anasikia maumivu kama wewe na mimi. Hataki kujiuma, ubongo unamlazimisha. Wengine huomba wenyewe wafungwe mikono, na wakishafungwa hutulia. Kwa hiyo fimbo hapana, hata moja.

Swali: Mbona wanaoupata karibu wote ni wavulana?

Jibu: Jeni yake iko kwenye kromosomu X, na mvulana anayo X moja tu, hana akiba. Mama anaweza kuibeba ikiwa na hitilafu bila kuugua. Mawifi wasikusimange: mara nyingine hitilafu huanzia kwa mtoto mwenyewe.

Swali: Dawa ipo?

Jibu: Alopurinoli, kwa kipimo cha daktari, pamoja na maji mengi, hushusha asidi na kulinda figo. Kujing'ata haikuzuii, hapo tunategemea vifungo laini vya mikono, pengine hata kung'oa meno. Lakini tusitangulie: shingo kulegea kuna sababu nyingi. Ukifika, waombe wapime asidi ya yuriki na kreatinini, taka inayochujwa na figo, kwenye damu na mkojo, na figo zipigwe ultrasaundi.